Jina Lililoitwa Mara Tatu

Juzi nilimpeleka dada wa kazi wa nyumbani kwa bosi wangu, Mkenya mwenzangu, kwenye zahanati moja hapa mtaa wa Al-Naseem, Uarabuni. Muuguzi, mama kutoka Ukraine, alikuwa na kitabu mezani.

"Hicho ni Kirusi, sista?" dada akauliza.

Akakifunika kwa kiganja. "Ni mashairi ya Kiukraine. Bibi yangu alichapwa shuleni kwa kuzungumza lugha hii. Naisoma nisije nikajisahau."

Kisha akachukua ikama ya dada, kile kitambulisho chake cha ukaazi, akasoma jina kwa sauti. Mara tatu. Dada akawa anatazama mlangoni, akimngoja mwenye jina aingie.

Miaka mitatu sasa nyumbani kwa bosi anaitwa jina la mfanyakazi aliyemtangulia, eti madam wa nyumba hana haja ya kujifunza lingine.

"Ni wewe," nikamwambia.

Muuguzi ana kitabu cha kumkumbusha. Dada ana mimi, na mimi pia humwita jina hilo alilopewa na madam.