Kufundishwa Tena Kusikia Nyimbo

Homa ya uti wa mgongo iliponiachia, iliondoka na sehemu kubwa ya usikivu wangu. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwaimbisha kinamama kwenye harusi za mtaani kwetu Pasua. Nilipopewa mashine za masikio nilidhani nimerudishiwa kila kitu, mpaka mume wangu alipofungulia redio ili anifurahishe. Nilisikia kama mabati yanaburuzwa kwenye saruji.

"Zima!" nikapiga kelele.

Mtaalamu wa usikivu hospitalini alinieleza taratibu, akinitazama usoni. "Mama, ubongo wako inabidi ufundishwe muziki upya. Anza na ala moja, mahali patulivu."

Binti yangu akawa mwalimu. Kila baada ya swala ya magharibi alibonyeza sauti mbili za kinanda kwenye simu.

"Ipi nyembamba zaidi, mama?"

"Ya kwanza."

Uso wake ulinijibu kabla ya mdomo. Nilikosea hivyo jioni baada ya jioni, hadi siku moja nikazing'oa zile mashine na kuzitupa mezani. Moja ikadondoka. Aliiokota, akaifuta kwa kanga, akanivalisha mwenyewe.

"Umenichoka," nikamwambia.

"Naogopa tu. Naolewa karibuni, nataka uniimbie, na wewe hutaki tena hata kujaribu."

Kesho yake tukaacha kinanda, tukachukua dufu. Mapigo niliyashika. Ndipo akaanza kuimba juu ya mapigo hayo, mstari mmoja, tena na tena, na mimi nikimfuata.

Sherehe ya wanawake ya harusi yake ilifanyika Shirimatunda, kwa mdogo wangu, mwenye uwanja mkubwa. Dufu lilipoanza, wote walinigeukia. Mdogo wangu akanigusa mkono. "Nikuanzishie?"

Nikatikisa kichwa kukataa, nikaanza mwenyewe. Kwenye mstari wa pili niliona wanawake wawili wakitazamana. Nilikuwa nimetoka nje ya wimbo, na sikujua ni wapi. Binti yangu, bibi harusi, aliyekaa mkekani, akafunua ushungi na kuimba pamoja nami, akitamka wazi, mpaka nikaipata sauti yake katikati ya kelele. Nikaishikilia. Tukamaliza pamoja.

Watu wengi wakiimba pamoja, bado nasikia fujo. Lakini juzi, nikiwa jikoni, jirani aliimba akifua, nikajikuta namwitikia.