Bei Alizozijua Verna Stidham

Pale Tolliver Fork, huko milimani Kentaki, Marekani, Verna Stidham alipika shuleni miaka ishirini na miwili, na kwa bei za vitu hakuna aliyefua dafu mbele yake. Mafuta ya gari yakishuka senti nne mji wa pili, wa kwanza kujua ni yeye. Watu walimcheka, kisha wakampigia simu.

Serikali ilipoziamuru hospitali ziweke bei zao mtandaoni, wengine walipiga miayo. Verna alivaa miwani, akakaa na orodha ile mezani jikoni mpaka akaielewa. Kumbe picha ya goti hospitali kubwa ni dola elfu mbili na mia nne, na kwenye kliniki iliyo jirani na duka la matairi, picha ileile, ni mia nne ishirini na tano. Wizi wa mchana kweupe! Tangu hapo simu yake haikupoa.

"Verna, shingo yangu hii niipeleke wapi?"

"Kwenye matairi. Na ukienda hospitali kubwa usinililie."

Aliwaokolea watu pesa zao, akajivunia, na kwa nini asijivune?

Kisha Oktoba moja, akioga, akagusa kitu chini ya titi la kushoto, kigumu kama punje ya mahindi makavu. Akafanya alichozoea: akafungua orodha. Mwanamke asiye na tatizo, akienda kwa uchunguzi wa matiti wa kila mwaka, bima inalipa yote. Akisema ana uvimbe, anahesabiwa mgonjwa: picha za ziada, kipimo cha mawimbi ya sauti, jumla dola elfu moja mia moja na themanini kutoka mfukoni mwake, kwa kuwa bima yao haikutoa kitu mpaka umalize elfu tano zako mwenyewe. Titi ni lilelile, mashine ni ileile. Akajiambia, kama kipo watakiona tu.

Jamani, Verna.

Siku ya uchunguzi wa mwaka, binti wa mashine alimuuliza, karatasi mkononi, "Kuna uvimbe wowote, mama? Maumivu? Chochote?"

"Hakuna."

"Una hakika?"

"Mwanangu, ningekuwa nao si ningekwambia?"

Barua ikaja: hakuna cha kutilia shaka. Kila alipokigusa kile kitu, Verna aliisoma barua ile, na kwa miezi kumi ikamtuliza. Uvimbe ulipofika kwapani, ugonjwa ulikuwa umeshaingia mifupani. Delmer, mumewe, alimlaani daktari aliyesoma picha, akamlaani mbele ya kanisa zima, na Verna akainamisha macho akamwacha alaani. Aibu ilimuuma kuliko hofu ya kufa.

Machi, Delmer akimlisha supu ya maharage kitandani, simu ikalia. Alikuwa Oleta, aliyepika naye shuleni.

"Nisamehe kukusumbua, dada, najua unaumwa. Nimegusa kitu kifuani. Nikiwaambia, ni bei gani?"

Verna akamtajia. Orodha ilikuwa bado kichwani.

"Mungu wangu. Nitazitoa wapi hizo? Na wewe ulilipa ngapi ile mara ya kwanza?"

"Sikulipa kitu."

"Ulifanyaje? Niambie na mimi nifanye hivyohivyo."

Angeweza kusema amechoka, akakata. Alimtazama Delmer, akaona kijiko kimesimama hewani kikimsubiri.

"Niliwaambia sina uvimbe," akasema. "Nilikuwa nao, Oleta. Niliugusa wiki mbili kabla, nikanyamaza ili iwe bure. Wewe waambie. Waonyeshe kwa kidole kabisa. Unanisikia? Waambie."

Oleta alikuwa analia. Verna alimwacha alie kidogo, kisha akaiweka simu juu ya blanketi.

Supu ilikuwa ikimdondokea Delmer kwenye goti.

"Lile trekta la kukatia nyasi," akasema mwishowe, "tulilonunua Septemba ile. Lilikuwa ngapi?"

Verna alijua. "Elfu mbili mia tatu."

Delmer akaweka bakuli sakafuni, akapanda kitandani na viatu vyake, akalala nyuma yake na kumkumbatia taratibu, maana mifupa ilikuwa ikimuuma Verna.

"Ungeniambia," akasema. "Ningeliuza siku ileile."