Jambia la Mchora Piko

Mchora piko huingia kwenye kibanda cha gemu cha Faris, pale Malindi, alasiri akishamaliza maharusi wake, na kabla ya kuishika rimoti huifuta kwa ncha ya leso kana kwamba imeokotwa jaani. Vidole vyake, vyeusi kwa wino wa kazi, havina haraka. Hufungua ukurasa wa silaha, akasoma nguvu ya kila moja kwa sauti ya chini, kisha akarudi palepale kwenye jambia, lenye nguvu tisini. Shoka alilonalo lina mia mbili na kumi.

"Chukua shoka, dada," Mwaringa, mteja wa kila siku, humwambia. "Hesabu ni hesabu."

"Shoka laumiza sana," hujibu bila kugeuka, "lakini mpaka liinuke, mimi nishazikwa. Jambia huwa lishachoma mara tatu."

Leo zimwi la langoni limemuua, jambia mkononi. Akarudi, likamuua tena. Benchi zima likaangua kicheko, na hata Faris, ambaye humtetea siku zote, alijikuta akisema, "Lijaribu hilo shoka, dada, mara moja tu." Mchora piko alimtembeza shujaa wake taratibu hadi kwa mchuuzi wa mle ndani ya gemu, akafungua mkoba, akaliuza shoka. Kicheko kikakatika.

"Haya," akasema, akiwageukia kwa mara ya kwanza, "nishaurini sasa."