Waliponichukulia Gari

Mume wangu aliendesha kombaini kwenye shamba la ngano la serikali, mimi nikifundisha shule ya msingi Nangwa. Gari letu dogo tulilinunua likiwa limeshachoka, kwa mtaalamu mgeni aliyekuwa anarudi kwao. Watu waliliita gari la dereva wa kombaini. Wachache walijua ni nani aliyekuwa analala chini yake na spana mkononi.

Mwanzoni alilitengeneza mwenyewe. Halafu kifua kikaanza kumsumbua. Akiinama kidogo tu, anakohoa mpaka machozi yanamtoka. Jumapili moja tulipotoka kanisani alikaa kwenye kigoda kando ya gari, akaninyooshea spana.

"Mwalimu, leo mikono iwe yako."

Nikajifunza kusugua plagi kwa brashi ya waya, kusawazisha platini, kufungua kabureta na kupuliza vumbi lililoziba vitundu vyake. Spea hazikupatikana Katesh, wala Babati. Mkanda wa feni ulipokatika, nilisokota mpira wa ndani wa baiskeli nikaufunga pale, tukafika nyumbani. Rejeta ilipovuja, niliziba kwa sabuni ya mche. Wageni wakisifu jinsi gari linavyowaka, mume wangu aliwaambia fundi wake ni mke wake. Walicheka. Walidhani anatania.

Alifariki msimu wa kupanda ngano. Matanga yalipokwisha ukoo ulikaa kikao uani kwangu, na kaka yake mkubwa, anayeishi Dirma, akasema gari aende nalo yeye.

"Mwanamke gari atalifanyia nini?" aliuliza, akiwatazama wazee, si mimi.

Nikasema, "Shemeji, gari hilo ninalitengeneza mimi."

Mzee mmoja alitabasamu kwa huruma. "Mwalimu, wewe unalipeleka kwa fundi. Hulitengenezi." Wengine wakaitikia. Mama mkwe wangu, aliyenikuta mara nyingi nimejaa oili mpaka viwikoni, aliinamisha kichwa na kunyamaza. Hilo liliniuma kuliko maneno ya wanaume wote.

Shemeji alipowasha gari, nilimfuata dirishani. Nikamwambia rejeta inavuja, aongeze maji kabla ya kupanda mlima. Likichemsha, azime, asubiri lipoe, asilimwagie maji baridi.

"Nifundishwe gari na mwanamke?" alisema, akaondoka.

Mvua za mwaka ule hazikuwa zimekwisha aliporudi kwa miguu, viatu vimejaa tope. Alisimama mlangoni akiongea kwa upole ambao sikuwa nimewahi kuusikia kwake.

"Shemeji, gari limegoma. Njoo ulitazame, tafadhali. Usimwambie mtu."

Nilikwenda. Sikwenda kwa ajili yake. Nililikuta kando ya barabara ya kupanda Mbulu, boneti wazi. Nikachomoa kijiti cha kupimia oili. Oili imekuwa nyeupe kama uji wa maziwa; maji yalikuwa yameingia ndani ya injini.

"Ulilimwagia maji likiwa la moto?"

Akatazama ng'ombe waliokuwa wanapita.

"Silinda hedi imepasuka," nikamwambia. "Hakuna sabuni ya kuziba hapo."

Nilidhani ataona aibu. Lakini wiki iliyofuata nilisikia kwa jirani kwamba shemeji ameuambia ukoo nilimkabidhi gari bovu makusudi, nililifungua nikaliharibu kwa mikono yangu kabla hajaja. Ndipo wote wakaamini kwamba najua kutengeneza gari. Kwenye kikao hakuna aliyeamini kwamba ninaweza kufunga hata nati moja. Sasa nilikuwa fundi wa kutosha kuua injini nzima.

Nilikwenda kwa mama mkwe kujieleza. "Shikamoo, mama." Aliendelea kupepeta ulezi. Nikarudia. Hakuitikia, na sikupata tena marahaba yake mpaka alipozikwa.

Shemeji aliuza gari vipande vipande. Mtu mmoja alichukua ekseli ya nyuma na magurudumu, akatengeneza mkokoteni wa ng'ombe. Ulikuwa ukipita mbele ya shule na magunia ya mahindi, beringi zikilia kwa kukosa grisi. Wanafunzi walikimbilia dirishani. Niliwaambia wakae, nikaendelea kuandika ubaoni, chaki ikinivunjikia mkononi.