Nyumba Iliyozoea Moshi

Bibi Eunike alifagia ndani kabla hata ya kumpa ng'ombe majani, na alikuwa na sababu. Kila asubuhi alikuta unga mweupe umedondoka chini ya mtambaapanya, ule mti mrefu uliolala juu ya kuta na kubeba paa. Aliuzoa, akaumwaga migombani, akarudi ndani na uso wa mtu asiyejua lolote. Bungua, wadudu watoboao mbao, walikuwa wameingia nyumbani kwake, naye ndiye aliyekuwa akiwafichia siri.

Aliyefichwa ni Praygod, kitinda mimba wake, fundi wa majokofu kule Pasua, mjini. Kwa Wachagga nyumba ya wazazi ni ya mtoto wa kiume wa mwisho, kwa hiyo nyumba ile ya Kidia, huko mlimani, ilikuwa yake, na neno lake moja lingetosha kuibomoa. Tena alikwisha kulisema. "Mama, siku nikikuta nguzo moja imeoza, naishusha yote. Sitaki ikuangukie." Tofali alikuwa amekwisha kuzipanga karibu na zizi. Eunike alizipita kwa mbali, kama anavyompita mbwa wa jirani.

Ni nyumba gani hiyo ya kulindwa hivyo? Baba mkwe wake aliijenga kwa miti ya mringaringa aliyoikata kihambani mwake mwenyewe, shamba la ukoo lenye migomba, bila msumari hata mmoja. Ulimi wa mti mmoja uliingia kwenye tundu la mwenzake, ukakazwa kwa kigingi cha mti, na katikati ya nguzo na nguzo akajaza fito na udongo. Juu kuna dari ya kuwekea mahindi. Chini ya dari, katikati ya nyumba, mafiga matatu. Pembeni ipo nguzo moja ambayo Aminieli, mume wa Eunike, aliiegemea kila jioni akisubiri chakula, hadi ikang'aa kwa mgongo wake. Aminieli sasa amelala migombani, lakini nguzo bado inang'aa. Wenye majumba ya ghorofa yanayofungwa kufuli hadi Krismasi na wacheke wakipenda. Eunike aliipenda nyumba yake, basi.

Balaa lenyewe lilianzia kwenye wema. Kifua kilimlaza Eunike hospitali, daktari akamkataza moshi. Praygod akapanda mlima na pikipiki, jiko la gesi amelifunga nyuma, mtungi ameuweka mbele katikati ya miguu, na mama akalipokea kwa machozi. Mafiga yakapoa. Kifua kikatulia. Halafu unga ukaanza kudondoka, na Eunike akakumbuka maneno ya marehemu: "Mke wangu, nyumba hii haitaki rangi, inataka moto." Siku zote alidhani Aminieli anamtania ili chai isichelewe. Kumbe ni moshi ule ule uliowafukuza bungua miaka yote hiyo.

Sasa afanye nini? Akiwasha kuni, anaumiza kifua. Asipowasha, anaipoteza nyumba. Na atamwambiaje mtoto kwamba zawadi yake ndiyo inayoila nyumba ya baba yake? Alichagua kama wanavyochagua akina mama wengi, yaani vibaya. Akawa anawasha kuni siku za kazi, Praygod akiwa mjini, khanga ameibana puani.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Jumatano moja Praygod alipanda bila taarifa, amemletea mama mchele wa Chekereni. Alimkuta ameketi kizingitini, anaitafuta pumzi, na moshi unamtokea nyuma. Akambeba hadi migombani, akamlaza kwenye majani makavu. Kisha akarudi ndani na ndoo, akayamwagia mafiga maji yote.

Eunike aliisikia ile sauti ya moto unaokufa, ikamuuma kuliko kifua.

"Nimekukosea nini, hata uzime jiko la mama yako kwa maji?" alimuuliza, pumzi zilipomrudia.

"Na mimi nimekukosea nini, hata utake kunifia?" Praygod aliiweka ndoo chini. "Baba nimekwisha kumzika. Wewe sitakuzika kwa ajili ya miti."

Hapo Eunike akamweleza yote: unga, bungua, ufagio wa kila asubuhi. Praygod alisikiliza, akapanda darini, akasikika akigonga boriti moja baada ya nyingine. Alishuka na mabega meupe kwa unga. Akaipiga teke pikipiki yake, akateremka mlima.

Siku zilizofuata Eunike hakufagia tena. Afagie ya nini? Alipitisha kitambaa kwenye nguzo, taratibu, kama anayemnawisha mgonjwa uso, akasubiri wabomoaji.

Jumamosi Praygod alikuja peke yake. Mkononi alikuwa na jani la sale, amelichuma mpakani mwa kihamba. Kwao anayeletewa sale hana ruhusa ya kukataa msamaha.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba."

"Nisamehe kwa yale maji."

Eunike alilipokea lile jani kwa mikono miwili. "Na nyumba?" aliuliza.

"Nguzo ni nzima. Bungua wamekula juu juu tu. Kwa zile tofali nitakujengea chumba na jiko lako la gesi, pale upande wa zizi. Kuni za humu nitawasha mimi, nawe utaingia moshi ukishaisha."

Alimtolea kiti hadi chini ya mparachichi, mahali ambapo upepo haupeleki moshi, akamfunika shali. Kisha akaingia ndani na mzigo wa kuni. Na tangu hapo, kila Jumamosi, fundi wa majokofu kazi yake ni kuwasha moto.

Eunike hukaa kitini akitazama moshi unavyochuruzika chini ya bati. Humsikia mwanawe akikohoa humo ndani, na moyo humuuma kwa upendo.

"Toka, mwanangu. Imetosha."

"Bado, Mama," humjibu. "Haujafika kwenye nguzo ya Baba."