Makohozi ya Duara Moja

Nikienda sokoni Kambarage kununua nyanya, bado hutokea mtu akanipigia kelele kutoka ng'ambo ya barabara: "Mama Vikopo!" Wanangu wanaona aibu. Mkwe wangu alidhani niliwahi kuuza vyombo. Mimi hugeuka haraka kumtafuta aliyeita, maana ni mtu wa machimboni tu anayenijua kwa jina hilo, na machimboni ndiko nilikoiacha miaka yangu mizuri.

Nilikuwa muuguzi wa utafiti. Nilianzia hospitali ya Kolandoto, nikazunguka wodini mpaka miguu ikachoka, kisha wakaja watu waliotaka kuchunguza kikohozi cha watu wazima wanaofanya kazi kwenye vumbi. Walitafuta nesi anayejua Kisukuma na asiyeogopa tope. Nikajitokeza. Kazi yenyewe, ukiiondolea maneno makubwa, ilikuwa kuwaomba watu makohozi. Jioni unampa mtu kikopo chenye mfuniko wa kuzungusha, unamwelekeza akohoe kutoka chini kabisa ya kifua asubuhi kabla hajala kitu, na kesho yake unapita kukusanya. Maabara inatafuta kifua kikuu. Anayekutwa nacho anaanzishiwa dawa bure kwenye kituo cha afya, nasi tunaendelea kumfuatilia mpaka amalize.

Tulikuwa tunalala Kahama, pale Nyahanga, kwenye nyumba ya wageni ya mama mmoja aliyepika uji wa ulezi ambao sijaupata tena popote. Alfajiri tunashika njia ya Geita. Kwenye machimbo tulikuta moshi wa kuni, chai ya tangawizi inachemka, karasha za kusagia mawe zimeanza kuunguruma moja moja, na wanaume wanatoka kwenye mabanda ya maturubai wakiwa na vumbi jeupe mpaka kwenye kope. Natamani kuisikia tena harufu ile. Nyumbani kwangu sasa kuna vigae na pazia, na asubuhi hakuna anayenitania.

Duara, yaani shimo la kuchimbia, nililolipenda kuliko mengine lilikuwa pembeni kidogo, karibu na mwalo ambako wanawake walikuwa wakiosha mchanga wa dhahabu. Msimamizi wake alikuwa Msukuma mwenzangu, mtu mzima mwenye tumbo na sauti, aliyeniita mayu, yaani mama, ingawa alinizidi umri. Chini yake kulikuwa na kundi la wachimbaji, na kati yao wawili siwezi kuwasahau. Mmoja alikuwa mvuta sigara mkubwa, akikohoa unafikiri trekta linakataa kuwaka. Mwingine alikuwa Mzaramo, kaja na basi kutoka Pwani kufuata dhahabu, mtu mpole anayeswali kwa wakati na kuongea kwa sauti ya chini. Yeye Mzaramo, mimi Msukuma; tukawa watani tangu siku ya kwanza.

"Mtani," aliniambia nilipompelekea michembe ya mama yangu, "hivi viazi mmevikausha au mmevichimba humu humu ardhini?"

"Kula. Kwenu mngekuwa mmeshauza shamba mkacheze ngoma."

Ndivyo tulivyosalimiana kila nilipofika. Nilikuwa nimempenda kama mdogo wangu, na sioni haya kusema.

Siku ya kugawa vikopo, msimamizi alinipokonya maneno mdomoni. Nilikuwa katikati ya maelezo yangu ya ridhaa na maabara, akaona ninawachosha watu. "Ngoja, mayu," akasema, akawageukia wenzake. "Ni sampo tu hii. Kama ya mawe."

Nyuso zote zikang'aa. Kila mchimbaji anajua sampo. Kabla ya kupoteza nguvu kwenye mwamba, unachukua jiwe kidogo, unalitwanga kwenye kinu, unaliosha kwenye karai, na unatazama kama kuna kamkia ka dhahabu kanakobaki nyuma. Nikafurahi sana. Niliona mtu huyu amenifanyia kazi ya mchana mzima kwa neno moja.

Kesho yake nilikuta vikopo vimepangwa juu ya gogo, vimejaa vizuri. Wengi hutema mate tu, lakini vile vilikuwa na makohozi mazito ya kutoka kifuani, kila kimoja. Niliwasifia. Msimamizi alivimba kwa fahari. Majibu yaliporudi, duara zima lilikuwa halina kifua kikuu, nami nikawapelekea habari hiyo wakapiga vigelegele vya kuiga wanawake wa mwalo.

Tuliporudi kwa zamu iliyofuata, mvua zilikuwa zimeshapita. Mtani wangu hakusimama kunipokea. Alikuwa ameketi juu ya kiroba kitupu, suruali ameifunga kwa ukanda wa mpira wa tairi la baiskeli, mabega yamechomoza ndani ya shati. Alikohoa ameinamia magoti, kikohozi kidogo cha mtu asiyetaka kusikika.

"Mtani, nani anakula chakula chako?"

"Joto la huku, mtani. Usiku natoka jasho shuka linalowa."

Nesi yeyote wa huku akiyasikia maneno hayo haulizi mara mbili. Nikamgeukia msimamizi, nikamwambia sielewi, maana kikopo cha mtu huyu kilikuja kisafi.

"Kisafi kabisa," akasema. "Na si tulikupa makohozi bora, mayu? Sisi hatupeleki jiwe la hovyo kupimwa."

"Bora ya nani?"

Akanionyesha yule mvuta sigara kwa kidevu, bila wasiwasi wowote. Ndipo nikaelewa. Asubuhi ile walikuwa wamemkalisha nyuma ya banda, wakampa chai ya moto na vikopo vyote, akajaza kimoja baada ya kingine. Hakuna aliyekusudia kunidanganya. Duara ni moja, mwamba ni mmoja, na ukitaka kujua kama duara lina kitu, unachagua jiwe linaloonyesha dalili nzuri kuliko mengine. Kati ya vifua vyao vyote, hicho ndicho kilichoonyesha dalili. Kikipimwa hicho, duara limepimwa.

Nilipandisha hasira. Niliwafokea kwa Kiswahili, Kiswahili kilipokwisha nikaendelea kwa Kisukuma, mpaka wanawake wa mwalo wakaacha kuosha mchanga wakaja kutazama. Niliwaambia kila kifua ni duara lake, kina mwamba wake na kina shimo lake, na makohozi ya mtu hayawezi kumsemea jirani hata wakilala kwenye mkeka mmoja. Msimamizi aliinamisha kichwa. Yule mvuta sigara peke yake ndiye aliyekuwa na swali.

"Yaani mimi, makohozi yangu yote yale, hayana kitu?"

"Una moshi tu," nikamwambia. "Acha sigara."

Aliumia kweli. Watu walicheka, hata mimi mwishowe, lakini mtani wangu alicheka akashika ubavu, na kile kicheko kikageuka kikohozi kikamwachia damu kidogo kwenye kiganja. Aliifuta kwenye suruali akidhani sijaona.

Safari hii sikuwaachia vikopo. Tulilala palepale kwenye gari, na asubuhi nilisimama mbele ya kila mtu akikohoa kwenye kikopo chake, wakilalamika kuwa nawatia aibu. Majibu yalikuwa kama nilivyoogopa. Wote wazima, isipokuwa mmoja.

Nilimwambia nikiwa nimeketi naye kwenye gogo, mbali na wengine. Akauliza kama angeweza kupewa nauli ya kurudi kwao, maana hataki kufia huku, mtu akifia huku nani atamwogesha. Nilijua akipanda lile basi hivyo alivyo, dawa haijaanza, hafiki mbali, na njiani atakaa saa nyingi karibu na watu. Maneno ya kinesi yakanikauka. Nikabaki na ya utani.

"Sikiliza," nikamwambia. "Wewe ukifa, msiba ni wangu. Nitapanda gari mpaka kwenu Pwani. Nitaingia kaburini kabla yako, nitalala humo, na sitoki mpaka ndugu zako wanipe kuku. Tena jogoo. Watakuzika jua limezama kwa ajili yangu."

Watani hufanya hivyo misibani, na alijua ninaweza.

"Utawatesa mama zangu," akasema.

"Sana."

"Basi leta hizo dawa."

Miezi sita ya dawa ni mirefu kwa mtu wa kukaa mahali pamoja. Kwa mchimbaji ni mirefu zaidi. Haukupita muda ikavuma rashi, dhahabu imeonekana upande mwingine kabisa, na machimbo yakaanza kuhama watu na vyombo vyao. Nilikuwa nimeshashuhudia washiriki wetu wengi wakipotea hivyo. Siku hiyo nilifika nikakuta banda limeng'olewa, gogo liko peke yake, na shimo limezibwa kwa miti. Nilisimama pale nikalia kama mfiwa. Dereva akajifanya anakagua matairi.

Tukiwa njiani kurudi simu ikaita. Alikuwa msimamizi, akinisalimu kwa Kisukuma, upepo ukivuma nyuma yake. "Mayu, mhola? Tumehama. Mtani wako tumehama naye, na dawa zake zipo, nimezibeba mimi mwenyewe. Tuambie tu kituo cha huku ni kipi."

Nilipowafikia ndipo nilipoona walichokifanya. Walikuwa wamemweka juu, avute kamba na apike, asishuke kwenye vumbi, na mgao wake wa mawe anaupata vilevile. Mwanzoni walimjengea kibanda chake upande wa upepo. Na asubuhi, kabla mtu yeyote hajaingia shimoni, wote walisimama kuzunguka mdomo wa duara, mtani wangu akameza vidonge vyake, akafungua mdomo msimamizi akachungulia ndani, kisha ndipo akapaza sauti: "Duara limemeza! Shukeni." Nilikuwa nimeikemea sana ile habari yao ya duara ni moja. Siku hiyo nilinyamaza, nikanywa chai yangu.

Mwili ulimrudi polepole. Ule mpira wa baiskeli aliuvua, akarudi kwenye mkanda. Miezi sita ikatimia, ikafika siku ya sampuli ya mwisho. Nikampa kikopo asubuhi, nikasimama mbele yake kama kawaida yangu. Akakohoa. Akavuta pumzi, akainama, akakohoa tena. Wenzake wakamzunguka wakimhimiza, na yule mvuta sigara, aliyekuwa bado anavuta, akajitolea kumsaidia, wakamfukuza. Mtani wangu alijaribu mpaka machozi yakamtoka. Kikopo kikabaki kikavu.

Watu wale walikuwa wameishi maisha yao yote wakiinamia karai, wakiomba kitu kionekane. Sasa walichungulia kikopo kile mmoja baada ya mwenzake, wakapokezana, wakakiinua kwenye mwanga wa jua. "Hakuna kitu!" msimamizi akapiga kelele. "Mayu, hakuna kitu kabisa!" Nao wakaruka na kukumbatiana, wanaume wazima wenye matope.

Mtani wangu alikuja mbele yangu akanikabidhi kikopo kile kwa mikono miwili. Alikuwa anatabasamu.

"Pole, mtani," akasema. "Jogoo umemkosa."