Msalaba wa Mafuta kwenye Taa ya Karatasi

Nilikuwa nimeshaanguka mara moja mbele ya jopo la walimu wa usanifu, na kanuni ya shule ilikuwa wazi: ukianguka tena, unafungasha. Mfano wangu wa pili, kifuniko cha taa cha karatasi iliyokunjwa, niliujenga basi kwa woga. Kila mkunjo niliupima, nikaurudia, kisha nikauandalia utetezi endapo ungeshtakiwa.

Karatasi nyepesi ilijikunja ovyo, kwa hiyo nilichagua nzito. Ilitii kama askari. Kwamba taa hutengenezwa ili iangaze ni hoja ambayo, katika uchambuzi wangu wote, haikupata nafasi. Sikuwahi hata kuiwasha, nikihofia joto la balbu lisije likaharibu pembe zangu.

Nilikaa huku ughaibuni kwa mama yangu mdogo, karibu na Porte de Namur. Kwetu, tangu Lubumbashi, hakuna aendaye kwenye mtihani bila mafuta ya upako, kwenye paji la uso na kwenye kalamu. Asubuhi ya jopo, nikiwa bafuni nakariri utetezi, mama mdogo alitafuta kalamu asiione. Nilipotoka, dole gumba lake lilikuwa limekwisha kuchora msalaba wa mafuta kwenye upande wa mbele wa kifuniko. Nilimweleza, kwa utaratibu, tabia ya karatasi inaponyonya mafuta. Alinisikiliza hadi mwisho.

“Mutoto yangu, ile ya kwanza ulipelekaka kavu. Ulipita?”

Kwenye jopo, mwenyekiti aliwasha balbu. Kifuniko kizima kilibaki giza kama sanduku la viatu, isipokuwa msalaba, uliong'aa kwa rangi ya asali. Akauliza kama mbinu ile ilikusudiwa. Kichwani nilikuwa tayari na aya nzima kuhusu mwanga na kivuli, lakini mdomo haukuingoja.

“Ni mama yangu mdogo,” nilisema. “Alikiombea.”

Walicheka, kisha wakakisogeza karibu. Walinipitisha kwa sharti moja: nirudi na kifuniko kilichopakwa mafuta chote, na safari hii nikiwashe kwanza mwenyewe.

Nyumbani nilimwomba mama mdogo chupa yake. Akaificha nyuma ya mto wa kochi, akisema mafuta yale si ya kupaka taa, ya taa tutanunua kwenye maduka ya Matonge, mtaa wa watu wa kwetu. Tukiwa kwenye ngazi, aligeuka.

“Alors, ni nani alipita, weye ao mafuta?”

Nilimwomba muda wa kufikiri. Akanipa hadi dukani.